Bei ya Kazi ya Mkono

Msomaji wangu, tazama kitambaa kilichotandikwa juu ya kiti sebuleni kwenu. Huenda kilitoka kiwandani, huenda kilifumwa kwa mkono. Je, iko tofauti kati ya hivyo viwili ipasayo kulipiwa? Kabla ya kujibu swali hili, yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe.

Palikuwa na mama mmoja aliyeuza vitambaa vya kimia pale Makongeni, katika mji wa Thika. Nilipoanza kazi ya ualimu nilikwenda kununua vya kutandika viti vyangu. Alitaka shilingi 1,500 kwa vyote. Nikamwambia kuwa vya kiwandani huuzwa 500. Tulibishana mpaka jua likakaribia kutua, naye, kwa kuwa hakuwa ameuza kitu siku ile, akaniachia kwa 600. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa ujanja wangu.

Baadaye mwalimu mwenzangu alinifundisha kufuma. Chombo ni sindano moja yenye kulabu nchani, na uzi wa pamba. Kulabu huvuta uzi kupitia kitanzi ili utoke kitanzi kingine. Vitanzi vikifuatana huwa mnyororo; mnyororo ukiungwa huwa duara; na kila duara huzungukwa na jingine lililo kubwa zaidi. Ukikosea hesabu, ua lote hupinda, nawe huna budi kufumua na kuanza upya. Alasiri nzima ilipita nami sijamaliza kitambaa cha kutosha kufunika kikombe. Hapo ndipo nilipojua nilichonunua kwa shilingi 600.

Ufundi wa kimia ni wa zamani. Katika karne ya 16 mafundi wa Venice walikitengeneza kwa sindano, na wale wa Flanders kwa vijiti vyenye uzi, juu ya mto uliochomekwa pini. Wavaaji walikuwa wafalme na matajiri. Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alisajili mashine ya kufuma kimia, na mwaka 1816 watu wenye hasira wakavunja mashine 55 katika kiwanda chake huko Loughborough. Hata hivyo mkono haukufa. Njaa kuu ilipoingia Ireland mwaka 1845, masista waliwafundisha wanawake kufuma kimia kwa kulabu, na mauzo yake yakaokoa jamaa nyingi. Hapa Kenya, ushonaji na ufumaji ulienezwa na shule za misheni na vyama vya akina mama, kama Maendeleo ya Wanawake kilichoanzishwa mwaka 1952. Ufundi huo ulikuta vidole vilivyokwisha kuzoea kusuka vyondo.

Je, tuilaumu mashine? La, hasha. Mashine ndiyo iliyompa bibi arusi maskini shela ambayo zamani ilikuwa ya binti mfalme. Mwenye fedha kidogo na anunue cha kiwandani, wala asione haya. Dhuluma ni kuitaka kazi ya mkono kwa bei ya mashine. Mashine haina watoto wanaongoja karo, wala macho yake hayachoki usiku. Anayefuma hutoa saa za maisha yake, na saa hizo hazimrudii. Wahenga walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilikula kivulini kilichochumwa na mwenzangu juani.

Mtu atasema, "Lakini yeye mwenyewe alikubali." Naam, alikubali; lakini kukubali kwa mwenye shida si ushahidi wa haki. Jua lililokuwa likitua lilinisaidia mimi, halikumsaidia yeye.

Nilimrudia yule mama nikamnyoshea shilingi 900. Hakuzipokea. Alisema, "Mwalimu, mimi si mwombaji. Ukitaka kitambaa kingine, lipa bei yake." Nikachagua kimoja, nikauliza bei, nikalipa bila kusema neno.

Basi, kijana, siku moja utasimama mbele ya fundi, naye atakutajia bei. Una haki ya kununua na una haki ya kwenda zako. Lakini kabla hujasema, "Punguza," jiulize ni saa ngapi za mtu unazotaka upewe bure.