Ilimu ya Madhara na Nguvu ya Nia

Sokrate alishikilia kwamba mja hatendi uovu ila kwa ujinga. Lakini mwanafunzi mmoja, aliyekwisha kuhutubiwa darasani juu ya madhara ya bangi na ya muguka, majani ya kutafuna, kisha akatoka langoni akakuta muguka huo huo ukiuzwa kibandani kando ya peremende, hakupungukiwa na ilimu, bali na suhuba ya kumtia nguvu katika saa ya jaribu. Vivyo hivyo, nchini Marekani yalianzishwa mafunzo ya DARE ya kupinga dawa za kulevya mwaka 1983, askari wakiwaonya watoto shuleni, na uchunguzi uliofuata ukadhihirisha kwamba hayakupunguza sana matumizi. Yaliyofaa zaidi, na hili lanipa matumaini, ni yale ya kuwazoeza vijana, wao kwa wao, namna ya kumkatalia rafiki pasi na kuvunja urafiki.