Ujumbe wa Mchungaji: Mfungueni, Mwacheni Aende Zake

Masomo: Yohana 11:38-44, Yakobo 5:16, Mhubiri 4:9-12

Tunawasalimu nyote wa Base Camp, Rubondo na Juru, pamoja na ndugu zetu waliohamia Mbarara na Bwizibwera kutafuta kazi.

Neno letu leo ni juu ya pombe. Hatutarudia kusema kwamba inaharibu. Mithali 23 imekwisha kueleza majeraha yake na macho mekundu, na mlevi mwenyewe anajua kuliko sisi. Swali letu ni hili: mtu akitaka kuacha, aende wapi?

Wengi tulitoka nyumbani na vidonda visivyoonekana. Mtu alizika watoto njiani, usiku hapati usingizi, akaona kikombe cha waragi kinamlaza. Mwaka 2019 Serikali ya Uganda ilipiga marufuku pombe ya vipakiti, lakini kiu haikuisha. Tena tangu mwaka 2023 posho ilipopangwa kwa makundi, shilingi inayobaki kilabuni ni chakula cha mtoto.

Tumtazame Lazaro. Yesu alimwita kutoka kaburini, naye akatoka akiwa hai, lakini mikono na miguu imefungwa sanda. Bwana aliyeweza kumfufua angeweza pia kumfungua. Hata hivyo kazi hiyo aliwapa watu waliosimama pale. Uzima hutoka kwa Bwana. Kufungua sanda ametuachia sisi. Yakobo naye anaunganisha kupona na kuungamiana na kuombeana. Hasemi mtu ajifungie chumbani apone peke yake.

Mwaka 1935, mjini Akron huko Marekani, Bill Wilson alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, akaogopa kurudia. Alimpigia simu mchungaji mmoja, akaomba aunganishwe na mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyeshindwa na pombe. Kutoka kwa hao wawili vikatokea vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoenea duniani. Hapo mtu haulizwi kabila wala dhehebu. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha kunywa.

Mwaka huo huo wa 1935, hapa kwetu Kabale, ulifanyika mkutano mkubwa wa Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda. Walokole walikutana katika vikundi vidogo, kila mtu akisema wazi lililomshinda, wakaita jambo hilo kutembea nuruni. Kuacha pombe kukawa alama yao. Basi kikundi cha namna hii si jambo geni katika nchi hii ya Ankole na Kigezi.

Tufanye nini?

Kwanza, tuutunze mwili. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kupata degedege, hata kufa. Aende kituo cha afya kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina idara ya magonjwa ya akili, na Butabika kule Kampala wanatibu ulevi. Kwenda huko si kukosa imani.

Pili, atafute wenzake. Amwulize mhudumu wa afya kama kuna kikundi. Kama hakuna karibu, wawili wanatosha. Ndugu zetu wawili wa Bwizibwera walianza hivyo. Hukutana kila Jumapili baada ya ibada, na siku ya malipo ya shamba mmoja humsindikiza mwenzake mpaka wapite vilabu vyote, pesa imfikie mama nyumbani.

Tatu, tutunze siri. Lililosemwa kikundini lisifike bombani. Neno moja likitoka nje, huyo mtu hatarudi, na kaburi tutakuwa tumelifunga sisi.

Nne, anayeanguka arudi wiki hiyo hiyo. Tusimwulize kwa nini ameanguka kabla hatujamwambia karibu. Mhubiri anasema wazi kwamba hasara ni ya yule anayeanguka akiwa hana wa kumwinua.

Tano, tusimsahau mama anayepika pombe ili alipe karo. Tukimkemea tu, kesho atapika tena, kwa sababu watoto wako palepale. Chama chetu cha akiba kimpe mtaji wa biashara nyingine kwanza, ndipo tuzungumze naye.

Wake na watoto wa walevi nao wamechoka. Mama, kama unapigwa, kusamehe hakukulazimishi kukaa chini ya fimbo. Tuambie, tukutafutie mahali salama.

Nawe baba unayesoma karatasi hii huku mikono ikitetemeka, hatukungoji upone ndipo uje. Njoo kama ulivyo, njoo hata leo jioni. Ukiona aibu kuingia kanisani, mtume mtoto atuite, nasi tutakuja kwako.

Ee Bwana, umewaita watoto wako watoke kaburini. Utupe mikono isiyoogopa harufu ya sanda, tuwafungue. Amina.