Mlinzi wa Kundi na Amana Yake

 

Mola wetu ametufahamisha katika Suratul An'aam ya kuwa ndege nao ni umma kama tulivyo sisi. Basi leo tumependa kuwaeleza ndugu zetu khabari ya umma mmoja katika hizo, kwani mna mazingatio makubwa ndani yake.

Katika msitu wa Manu, nchi ya Peru, kuna ndege wadogo wa jinsi mbali mbali waishio kundi moja. Kila jinsi huwa na dume na jike wake, na wote hukutana alfajiri mahali pale pale pa jana, wakiitwa kwa sauti ya ndege mmoja wa rangi ya kijivu. Kisha huzunguka pamoja mchana kutwa, huyu akitafuta wadudu katika majani makavu, yule katika magome ya miti. Wana mpaka wao wasioutoka, nao huulinda usiingiliwe na kundi la jirani.

Yule wa kijivu ndiye mlinzi. Amwonapo kipanga hupiga ukelele, na wote hujificha. Kwa ajili hiyo wenziwe huinamia riziki zao kwa utulivu. Naye ujira wake ni wadudu wanaoruka kwa kushtuliwa nao.

Lakini mwaka 1986 mtaalamu Charles Munn alieleza jambo la ajabu: mlinzi huyu mara nyengine husema uwongo. Akiona mwenziwe anamfukuzia mdudu anayemtaka yeye, hupiga ukelele wa kipanga, wala hapana kipanga. Mwenziwe husita kidogo, naye humnyakua mdudu. Na wenziwe hawana budi kumsadiki, kwani atakayeidharau sauti ya kweli mara moja huenda akalipa kwa roho yake.

Ndugu zetu, ndege hakukalifishwa sharia, sisi tumekalifishwa. Je, ni wangapi katika sisi tupandao mimbari, au tushikao kalamu kama hivi, tukawapigia watu ukelele wa hatari, na hatari yenyewe haiko? Mtu huambiwa kuwa jirani yake ni adui wa dini, kumbe kinachotakiwa ni uongozi wa msikiti au mali ya wakfu. Watu husadiki kwa kuwa waikhofia dini yao, na khofu yao hiyo ndiyo tunayoila. Hii ni khiyana.

Wala dawa si kuvunja kundi, kwani aliye peke yake hana wa kumlindia. Dawa ni mlinzi amche Mungu, na asikiaye achunguze. Ndege hana nafasi ya kuchunguza. Sisi tumepewa akili, na tumeamrishwa katika Suratul Hujuraat tuihakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga.

Twaanza na nafsi zetu. Atakayeona katika kurasa hizi ukelele usio na kipanga, na atujie darasani atuonyeshe, nasi tutausahihisha mbele ya watu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi waaminifu. Amin.