Kipande Kilichokuwa cha Kutupwa



Wapo watoto wachache wanaozaliwa bila thaimasi, tezi ya kifuani inayokomaza seli T, askari wa mwili. Bila tiba, kwa kawaida hufariki kabla ya kutimiza miaka 3. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walibuni njia. Mtoto mwingine anapopasuliwa moyo, kipande cha tezi hiyo huondolewa ili moyo ufikiwe, kisha hutupwa. Wazazi wake wakiridhia, hutunzwa maabara na kupandikizwa kwenye msuli wa paja la mgonjwa. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2021.

Je, inajuzu? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, Jeddah, mwaka 1988, liliruhusu kunufaika na kiungo kilichoondolewa mwilini kwa sababu ya maradhi. Na Suratul Maida, aya ya 32, imeihesabu nafsi moja iliyookolewa sawa na watu wote.

Watazame wazazi hao: mwanao yuko chini ya kisu, nao wanamfikiria mtoto wasiyemjua. Sisi wenye afya na elimu, tunazuia nini ambacho hatukihitaji?

Allah atujaalie kuwa sababu ya uhai. Aamin.