Kengele, Kamera na Mtoto Aliyekosea



Kuna filamu moja ya Kimarekani inaitwa Spellbound, ya mwaka 2002. Mwongozaji wake, Jeffrey Blitz, aliwafuata kwa kamera watoto 8 waliojiandaa kwa mashindano ya kitaifa ya kutaja herufi za maneno ya Kiingereza, yaliyofanyika Washington mwaka 1999. (Kwetu mashindano hayo yangekosa maana, kwani Kiswahili unakiandika kama unavyokisema.) Kule mtoto anasimama mbele ya maikrofoni, anatajiwa neno ambalo huenda hata mzazi wake hajawahi kulisikia. Anaruhusiwa kuuliza maana yake na lugha lilikotoka. Akikosea herufi moja tu, kengele inalia. Basi, ameshatoka.

Mwaka ule walishindana watoto 249. Binti aliyeshinda alipewa neno logorrhea, yaani kuongea kupita kiasi, kwa hiyo nami nisirefushe. Wengine 248 waliondoka bila ushindi, na kamera ilikuwa pale.

Je, ni halali kumrekodi mtoto wakati anaanguka? Wengi watajibu haraka: si walikubali wenyewe na wazazi wao? Mimi jibu hilo halinitoshi. Mtoto anapokubali kurekodiwa, anajiona tayari ameshika kombe. Sura yake baada ya kengele hajawahi kuiona. Kant, ambaye darasa la falsafa haliishi bila kumtaja, anakataza kumfanya mtu kuwa chombo tu cha kufikia lengo lako. Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa, alikwenda mbele zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu upendo na wajibu: kutomtumia mtu bado haitoshi, mtu anastahili kupendwa. Na tuwe wakweli, filamu hii ilipata faida. Iliteuliwa kugombea Oscar, na huzuni za watoto zimo ndani ya sifa hiyo.

Hata hivyo naitetea. Kabla ya kutupeleka ukumbini, inatupeleka nyumbani. Tunakutana na binti wa Texas ambaye baba yake alitoka Mexico, anafanya kazi kwenye ranchi, na Kiingereza hakijui. Binti anashindana kwa lugha ambayo baba hawezi kuifuatilia. Tunasikia kwamba babu wa kijana mwingine, huko India, amelipia watu 1,000 wamwombee mjukuu wake. Usicheke! Sisi tunaopeleka nia za Misa kila msimu wa mitihani ya Form Four tunamwelewa kabisa huyo babu. Kijana yule hakushinda. Ila kengele ilipolia, mimi niliyekuwa natazama sikumwona "aliyefeli". Nilimwona mjukuu wa mtu.

Sasa linganisha na vile vipande vya sekunde 15 tunavyotumiana kwenye simu. Mwanafunzi anaulizwa mji mkuu wa nchi fulani, anajibu ovyo, watu wanacheka, wanasambaza. Huyo hana nyumba, hana babu, hana hata jina. Ana kosa tu. Ndiyo maana sibishani na kamera kuwepo wakati wa anguko. Nauliza anayeishika amekaa na yule mtu muda gani kabla ya hapo, na kesho atamjulia hali au la.

Soma Injili ya Luka, sura ya 22. Usiku ule Petro alitazamwa mara mbili. Kwanza kijakazi alimkazia macho kwenye mwanga wa moto, apate kumtambulisha kwa wengine. Kisha jogoo akawika, na jogoo yule ndiye kengele yenyewe, Bwana akageuka akamtazama. Huyu alikuwa ameshaingia nyumbani kwa Petro, amemponya mama mkwe wake, amepanda mtumbwi wake, na jioni ileile alikuwa amemwambia kwamba amemwombea. Petro akatoka nje akalia. Luka anatuambia kwamba alilia kwa uchungu, ila hatupeleki nje kumwangalia.