AKUBALIYE KUSHUKA



Someni Marko 10:35-45. Yakobo na Yohana walimwomba Bwana viti viwili, kuume na kushoto kwake. Wale kumi waliposikia, walikasirika. Yaelekea hata wao walivitaka viti hivyo. Bwana akawafundisha wote kwamba kwao aliye mkubwa ndiye atakayekuwa mtumishi.

Kanisa letu la Tanzania limewahi kuuona mfano wa neno hili. Mwaka 1960 Padre Trevor Huddleston, Mwingereza wa Shirika la Ufufuo, aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi. Kabla ya hapo alihudumu Afrika Kusini, tangu 1943 hadi 1956. Huko Desmond Tutu, angali mtoto, alimwona padre huyu akimvulia kofia mama yake, mfanyakazi wa nyumbani. Katika nchi ile Mzungu kumheshimu hivyo mwanamke Mwafrika lilikuwa jambo la ajabu. Tutu hakulisahau, naye mwaka 1986 akawa Askofu Mkuu wa Cape Town.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha, lililopata jina kutoka mji wetu, liliwataka viongozi wasiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Mwaka uliofuata, 1968, Askofu Huddleston alikiacha kiti cha Masasi ili Mwafrika aongoze, na Hilary Chisonga akakishika. Yeye akaenda London kuwa Askofu wa Stepney, msaidizi chini ya Askofu wa London. Aliyekuwa mkuu wa dayosisi akakubali kuwa chini ya mwingine, akaendelea na kazi.

Ndugu zangu wa Ngarenaro, kuoshana miguu Alhamisi Kuu, watu wakitazama, si kugumu. Kugumu ni siku ya uchaguzi kanisani. Aliyekuwa mwenyekiti au mweka hazina akiachwa, je, Jumapili inayofuata tutamwona ibadani? Atamkabidhi mwenzake vitabu na funguo kwa moyo mweupe, na kumwelekeza kazi? Au atahamia kanisa jingine, na kusema kwamba hakuthaminiwa?

Mwalimu mwema hufurahi mwanafunzi wake anapomzidi. Na kiongozi Mkristo afurahi vivyo hivyo. Tukikasirika kwa kuondolewa, basi tulikuwa tukikitumikia kiti, si Kristo.

Juma hili kila mmoja wetu amwombee, kwa jina lake, yule aliyeshika nafasi aliyoipenda. Kisha amwendee, amwulize, “Nikusaidie nini?”

Bwana aliyejishusha kwa ajili yetu atupe moyo huo. Amina.