Je, Aliyepatwa na Homa Baada ya Chanjo Anyamaze?

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa ndugu waliosilimu karibuni, na hata kwa wale ambao wangali wakitafuta, liko moja ambalo kwa sura yake ya nje ni la hospitali, lakini kwa ndani ni la dini kabisa. Kijana mmoja wa Tanga aeleza ya kwamba mwaka 2021 alichanjwa kujikinga na Korona, na usiku ule ule akashikwa na homa na kitapo hata akadhani ni malaria. Kulipokucha aliwasimulia watu wa nyumbani. Habari ikatoka uani ikafika barazani, ikatoka barazani ikafika mtaa wa pili, na kila ilipofika iliongezeka kidogo. Mwishowe mama mkwe wa dada yake akakataa mjukuu wake asipelekwe kliniki kuchanjwa surua, na miezi minne ikapita hivyo. Mhudumu mmoja wa afya akamlaumu kijana wetu akisema: Ungalinyamaza, hayo yote yasingalitokea. Jamaa wengine kwa upande wao wakamsifu, eti amefichua siri. Naye sasa auliza: Je, nilikosa niliposema, au ningalikosa kama ningalinyamaza?

Natuanze na wale wanaosema kwamba bora ni kunyamaza, kwa sababu hao nia yao ni njema na hoja yao haifai kudharauliwa. Husema: Homa ya siku moja ni jambo dogo, surua ni jambo kubwa; mwenye kutaja dogo huwatia watu hofu wakaangukia kubwa. Basi afiche, kwa maslahi ya wote.

Lakini Kurani Tukufu imekataza kuficha ushahidi, na ikauhesabu moyo wa mwenye kuuficha kuwa na dhambi (2:284). Ni kweli kwamba aya hiyo imeshuka katika habari za madeni na maandikiano. Hata hivyo ni nani atakayesema kwamba fedha ya mtu yastahili ushahidi wa kweli kuliko mwili wake? Na mahali pengine tumeamriwa kusimama na haki, tukiwa mashahidi, ijapokuwa juu ya nafsi zetu wenyewe (4:136). Mtu hana ruhusa ya kuupunguza ukweli kwa kuwa ameona faida katika kuupunguza. Akijipa ruhusa hiyo leo kwa jambo la heri, kesho ataitumia kwa jambo jingine, naye ndiye atakayekuwa hakimu wa kusema lipi ni la heri.

Tena maslahi yenyewe hayapatikani. Mama aliyeambiwa kwamba mtoto hatapatwa na lolote, kisha usiku akamkuta mwili wake wa moto, hatasema kwamba homa ni ndogo. Atasema: Wamenidanganya. Na aliyedanganywa katika dogo huacha kuamini katika kubwa, wala huwezi kumlaumu. Kinyume chake, mama aliyeambiwa mapema kwamba huenda mtoto akachemka kidogo na mkono ukavimba, na kwamba hali hiyo kwa kawaida hupita kwa siku moja au mbili, huiona homa ikija akasema: Hii ndiyo niliyoambiwa. Homa ni ile ile, lakini kwa mmoja yavunja imani na kwa mwingine yaithibitisha.

Mimi mwenyewe nilichanjwa huku Uingereza mwanzoni mwa Mei 2021. Usiku nilitetemeka hata meno yakagongana, na siku ya pili sikuweza kuingia darasani mpaka adhuhuri. Dozi ya pili, iliyokuja mwezi Julai, haikunipa ila maumivu ya mkono. Wanafunzi wetu walipoitwa kwa zamu yao mwezi Juni niliwasimulia usiku wangu wote bila kupunguza, kitapo na meno na yote. Hakuna aliyebaki nyuma kwa ajili ya maneno yangu. Walichoniuliza zaidi ni kama wapange kwenda kuchanjwa kabla ya siku ya mtihani au baada yake, jambo ambalo kwa wanafunzi lina uzito wake.

Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hizo. Madhara yaliyo adimu hayawezi kujulikana ila kwa ushahidi wa wale yaliowapata. Tarehe 12 Aprili 1955 ilitangazwa huko Marekani kwamba chanjo ya polio imefaulu, na watu wakafurahi sana. Hazikupita wiki mbili, habari zikaanza kufika za watoto waliopooza, na mara nyingi kupooza kulianza katika mkono au mguu ule ule uliochomwa sindano. Wazazi walisema, madaktari wakaandika, wenye kazi ya kuhesabu wakahesabu. Ikaonekana kwamba watoto hao walio wengi walipewa chanjo iliyotoka katika kiwanda kimoja, ambamo virusi havikuuawa sawasawa. Watu wapatao 200 walipooza na 10 wakafa. Chanjo ya kiwanda kile iliondolewa, masharti ya kukagua yakakazwa, na kazi ikaendelea. Lau wazazi wale wangalinyamaza kwa maslahi ya chanjo, chupa mbaya zingaliendelea kutumika pamoja na njema, wala chanjo njema isingalijulikana kuwa ni njema.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2021. Mmoja miongoni mwa aina za chanjo ya Korona ulionekana kuandamana, kwa nadra sana, na damu kuganda huku chembe zake za kugandisha zikipungua. Mpaka mwisho wa Machi mwaka ule, hapa Uingereza zilikuwa zimetolewa dozi zaidi ya milioni 20 za aina hiyo, na wagonjwa wa namna hii walioandikwa walikuwa 79, na waliokufa 19. Hesabu hii ni ndogo kwa anayetazama taifa, ila kwa nyumba 19 ilikuwa msiba mzima. Kwa kuwa mambo hayo yalisemwa na kuandikwa, tarehe 7 Aprili ilishauriwa kwamba wenye umri chini ya miaka 30 wapewe aina nyingine, na mwezi uliofuata wakaingizwa wa chini ya miaka 40. Wanafunzi wetu niliowataja walipewa hiyo aina nyingine.

Basi je, waliomsifu kijana wa Tanga kwa kufichua siri wamesibu? La! Nao wamekosa, na kosa lao nalihesabu kuwa la hatari zaidi, kwa sababu hujivika vazi la ukweli.

Kurani Tukufu, iliyotukataza kuficha tunayoyajua, imetukataza vile vile kuyafuata tusiyo na elimu nayo, ikatuonya kwamba sikio na jicho na moyo vyote vitaulizwa (17:37). Sasa jicho la kijana huyu liliona nini? Aliona kwamba alichomwa sindano, na kwamba usiku alipata homa. Haya mawili ni ushahidi wake, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Lakini kwamba la pili limezaliwa na la kwanza, hilo hakuliona. Alilikisia. Pengine amekisia sawa, kwani homa ya namna hiyo ni ya kawaida na yatarajiwa. Hata hivyo kisio sahihi lingali kisio, na mtu hujulikana uadilifu wake kwa kutenga alichokiona na alichokidhani.

Katika majaribio ya chanjo za Korona, baadhi ya watu walipewa dawa yenyewe na wengine wakapewa kitu kisicho dawa, kama maji ya chumvi, bila wao kujua. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika hao waliopewa kisicho dawa, watu kama 35 katika kila 100 walisema baada ya dozi ya kwanza kwamba wameumwa kichwa au wamechoka au wamepata dalili nyingine za mwili mzima. Je, walikuwa waongo? Hasha. Kichwa kiliwauma kweli. Lakini watu huumwa vichwa kila siku, na mwenye kungoja maumivu huyasikia upesi kuliko asiyeyangoja. Walishuhudia maumivu kwa haki. Lau wangalishuhudia sababu yake wangalishuhudia uongo pasipo kujua. Mwenye kusema "nilichanjwa, kisha nikaugua" yumo katika mpaka wake, na mwenye kusema "chanjo iliniua nusu" amekwisha kuuvuka. Bibi wa yule mtoto alivuka mpaka wa tatu pia: kutoka chanjo ya mtu mzima hadi ya mtoto, na kutoka Korona hadi surua, kana kwamba yote yamo katika chupa moja. Chanjo ya surua ni kitu kingine, kilichotengenezwa namna nyingine, na kimetumika tangu miaka ya 1960. Mtoto aliyefika miezi tisa bila kinga hiyo amebaki mbele ya ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Homa ya mjomba wake haikuwa na neno la kusema juu ya jambo hilo.

Wala tusiisahau njia iliyopitiwa na habari. Tumeamriwa kuichunguza habari iletwayo na asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta (49:7), na Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba yatosha kumfanya mtu kuwa mwongo akisimulia kila alisikialo. Ushahidi una mahali pake. Mwenye kudai haki ya shamba hupeleka ushahidi wake kwa kadhi, wala hautangazi sokoni akangoja wauza samaki wahukumu. Kadhalika aliyedhurika na chanjo, au aliyedhani amedhurika, ampelekee habari mwenye kuipima. Hapa Uingereza uko mpango uitwao Kadi ya Njano, ulioanzishwa mwaka 1964, na siku hizi mgonjwa mwenyewe aweza kuandika bila kumpitia daktari. Tanzania iko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya iko Bodi ya Dawa na Sumu, ambazo hupokea habari kama hizo. Na kliniki ile ile iliyokuchanja ndiyo mlango wa karibu. Hii haina maana kwamba kijana asiwaambie wa nyumbani kwake. Awaambie, maana ni haki yao kujua kwa nini amelala mchana. Lakini awaambie yote: kwamba ilikuwa homa, kwamba ilidumu usiku mmoja, na kwamba sasa ni mzima. Nusu ya mwisho ya habari yake ndiyo iliyodondoka njiani, wala hakuna aliyeirudi kuiokota.

Katika barua hiyo hiyo limo swali la pili, nalo husemwa na wengi: Ikiwa wataalamu ni wakweli, mbona nyakati za dozi za nyongeza hubadilika? Leo miezi sita, kesho mitatu. Ni kweli. Hapa Uingereza mwezi Septemba 2021 iliagizwa kwamba dozi ya nyongeza itolewe baada ya miezi sita. Tarehe 29 Novemba ikasemwa mitatu yatosha, kwa kuwa aina mpya ya virusi, iitwayo Omicron, ilikuwa imetangazwa siku chache kabla. Virusi vilikuwa vimebadilika, na ukweli wa jambo ukabadilika pamoja navyo. Mwongo ni yule ajuaye hivi akasema vile. Mwenye kusema ajuacho leo, na kesho akajua zaidi akasema zaidi, hatuwezi kumwita kwa jina hilo. Tumefundishwa kwamba hakimu aliyejitahidi akakosea hana dhambi, bali ana thawabu moja, na mwenye kusibu anazo mbili.

Ama kwa nini pawe na muda baina ya dozi na dozi, mwalimu yeyote aweza kulifahamu. Nikiwafundisha wanafunzi vitenzi vya Kiarabu asubuhi, kisha nikavirudia adhuhuri ya siku hiyo, nimewachosha bure. Nikiwaacha wiki kadhaa mpaka somo limeanza kutulia na kufifia, kisha nikalirudia, hulishika kwa muda mrefu. Mwili nao hujifunza hivyo: baada ya dozi ya kwanza, chembe zake za kumbukumbu huendelea kukomaa kwa wiki nyingi, na dozi inayokuja wakati wa kufaa huzikuta tayari. Tena imeonekana kwamba kwa vijana wa kiume, nafasi ya wiki nane baina ya dozi mbili za baadhi ya chanjo za Korona hupunguza ile hatari adimu ya kuvimba misuli ya moyo. Hivyo wakati wa dozi wahusika na faida na madhara pia.

Wala si kila chanjo huhitaji nyongeza. Kadi ya homa ya manjano, ambayo wasafiri wetu waijua vizuri, zamani ilikuwa ikiisha nguvu baada ya miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 yahesabiwa kuwa ya maisha, kwa sababu imeonekana kwamba kwa walio wengi kinga ya dozi moja haiishi. Sijasikia mtu akilalamika kwamba amedanganywa kwa kuondolewa sindano. Malalamiko huja zinapoongezwa tu!

Ndugu mmoja wa Mombasa, mwenye miaka 63, ajitayarisha kwenda India, na hajapata kuchanjwa homa ya manjano. Nimemwandikia kwamba kadi huanza kukubaliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo asingoje wiki ya mwisho. Na kwamba kwa aliyepita miaka 60 akichanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni adimu, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Basi kwanza amwone daktari, amweleze umri wake na maradhi yake yote, asifiche hata moja.